Kanda 24 za katuni chini ya kitanda: kuzisafisha, kuzihamisha, na kisichofaa kukatwa

SWALI: Asalaam aleikum. Nyumbani kwetu Majengo tumetoa kanda 24 za VHS zilizokuwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha marehemu baba. Alikuwa akiturekodia katuni tukiwa skuli, nyingine kwenye dishi, nyingine kwenye stesheni za hapa nchini: Tom and Jerry, Scooby-Doo, Popeye, Flintstones. Baadhi zimeota kitu cheupe kama unga. Deki ipo lakini haijawashwa kwa miaka. Ndugu zangu wanataka zote zitiwe kwenye flashi kabla ya Idi. Fundi mmoja ameniambia nizitupe tu, katuni zote ziko mtandaoni. Ni kweli zipo, lakini nikizitazama sauti si zile. Ni masikio yangu au kuna jambo? – Msomaji, Majengo, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Usitupe hata moja. Na usiitie hata moja kwenye deki, hata kwa kuonja tu, mpaka umalize kusoma hapa.

Fundi wako amesema nusu ya ukweli. Katuni zenyewe zipo, tena ni safi kuliko kanda zako zitakavyowahi kuwa. Wenye mali walirudi kwenye filamu za asili wakazinakili upya, ilhali VHS hubeba mistari kama 240 tu kwa upana wa picha, na rangi yake ni finyu zaidi ya hapo. Ndiyo maana nguo nyekundu ya katuni humwagika nje ya mpaka wake. Ukitaka kumwona Jerry vizuri, mtafute mtandaoni. Kisichopatikana huko ni kile kilichokaa katikati ya katuni na katuni: matangazo ya sabuni na majani chai, mtangazaji akitaja kipindi kinachofuata, nembo ya chaneli, katuni iliyokatwa ghafla kupisha taarifa ya habari, na zile sekunde mbili za biashara alizozinasa baba kwa kuchelewa kubonyeza PAUSE. Hayo hayauzwi wala hayarudiwi hewani.

Kwa hiyo kazi yako si kuokoa katuni, ni kuokoa kanda. Rekodi kila moja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa utepe, pamoja na chenga na nafasi tupu, na usikubali mtu akukatie matangazo "ili iwe safi". Kukata utakata baadaye kwenye nakala, ukipenda.

Kuhusu Idi, hesabu ni hii. Kanda hazihamishwi kwa haraka. Kanda ya saa tatu inachukua saa tatu. E-180, yaani kanda za dakika 180, zikiwa 24 na zote zimejaa, hizo ni saa 72 za deki kuzunguka, na zile zilizorekodiwa kwa mwendo wa LP, ule wa polepole, huchukua saa sita kila moja. Chagua tatu au nne safi kwa ajili ya Idi. Zilizobaki zitangoja.

Kuzichambua

Kaa barazani penye mwanga, uvae barakoa ya N95, na uzime feni. Zitoe kwenye maganda yake, mulika tochi kwenye vile vidirisha viwili, uangalie ubavu wa utepe uliojiviringisha. Utepe mzima ni mweusi, laini, unang'aa sawasawa. Wenye kuvu una madoa meupe au ya kijivu, pete zilizofuata mzunguko, au nyuzinyuzi zinazovuka kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine. Tenga mafungu matatu: safi, zenye madoa machache, na zilizovamiwa. Hayo mafungu mawili ya mwisho kila kanda itiwe kwenye mfuko wake wa plastiki, kwa sababu kanda moja mbovu ikipita kwenye deki huacha kuvu kwenye hedi, kile kisomaji cha deki, na kila kanda safi inayofuata huokota.

Kila kanda ipe namba kwa kibandiko kidogo na upige picha maandishi ya baba kabla hujafuta vumbi. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika kwa kitambaa chenye maji, na huenda lebo ndiyo ushahidi pekee wa tarehe. Tazama na kile kidole cha plastiki kwenye ukingo wa nyuma ya kanda: kama bado kipo, kivunje. Bila hicho deki haiwezi kurekodi juu ya kilichomo, na deki za siku hizi hununuliwa mitumba, rimoti haipo, vitufe vimefutika maandishi. Kubonyeza REC kwa bahati mbaya si jambo la ajabu.

Kinachotangulizwa si katuni unayoipenda. Tanguliza zilizorekodiwa kwenye stesheni za hapa nchini, kisha za LP, kisha za dishi. Kanda za kununua dukani ziweke mkiani. Filamu zilizomo zinapatikana, na nyingi zimetiwa Macrovision, kinga ya kuzuia kunakili, ambayo huifanya picha ya nakala ififie na kuwaka kwa zamu. Ukiona kanda uliyoirekodi nyumbani inafanya hivyo, hiyo si kinga, ni ishara dhaifu inayokichanganya kifaa.

Kuvu

Hewa ya Mombasa aghalabu huwa na unyevu uliopita asilimia 70, na chini ya kitanda hakuna upepo. Kuvu halili picha yenyewe kwanza. Hula gundi inayoshika chembe za sumaku kwenye utepe, na huunganisha mzunguko na mzunguko. Ukiutia utepe wa hivyo kwenye deki, mizunguko iliyoshikana hubanduka kwa nguvu, na chembe zilizobanduka hazirudi.

Hatua ya kwanza ni kukausha, na kuanika juani sio kukausha. Joto hupinda ganda na kuuvuta utepe. Mchele pia usitumie, una vumbi la wanga ambalo kuvu hulipenda. Tafuta ndoo au sanduku la plastiki la lita 20 lenye mfuniko unaobana, utie nusu kilo ya silika ile ya punje zinazogeuka rangi zikishiba maji, juu yake kitambaa, kisha kanda kumi au kumi na mbili zikiwa zimesimama. Kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani kikae humo humo. Lengo ni asilimia 35 hadi 45, na zikae wiki mbili hadi tatu. Silika ikigeuka rangi ioke kwenye jiko la kuokea, nyuzi 120, kwa saa mbili, uirudishe. Kuvu lililokauka hulala na kuwa unga mkavu unaofutika; lenye unyevu hupakaa kama mafuta, na hapo umelieneza tu.

Zikikauka, fungua kanda moja. Igeuze chini juu, toa skurubu tano za nyota, halafu ishike pande zote mbili pamoja uigeuze tena kabla ya kuinua kifuniko, ili vigurudumu visidondoke. Piga picha ya njia ya utepe na vile vispringi vidogo vya breki. Vinaruka, na bila picha utakaa nusu saa ukikisia vilikaa wapi. Inua vigurudumu viwili pamoja na utepe wake. Kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, futa ubavu wa juu na wa chini wa utepe kutoka katikati kwenda nje, ukigeuza kitambaa kila mpapaso. Usibonyeze. Ngoja dakika kumi ikauke. Kisha hamishia vigurudumu kwenye ganda la kanda nyingine isiyo na thamani, iliyo safi. Ganda la zamani litupe, kwa maana kuvu hubaki kwenye vile vikaratasi laini vya ndani.

Alkoholi hiyo mafundi wa simu wanayo. Soma chupa. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa haifai, ina maji na mara nyingi mafuta ndani yake, na mafuta kwenye hedi ni balaa.

Sasa vuta kwa mkono mita moja ya utepe uangalie uso wake. Ukiwa safi, kanda hiyo inaweza kuendelea. Ukiwa na madoa usoni, sio ubavuni tu, mpe fundi mwenye deki aliyoitenga kwa kazi chafu, na umuulize wazi kama anayo. Asiye nayo atazipitisha kwenye deki yake ya kila siku, na utalipia kusambaziwa kuvu.

Utepe uliokatika unaungika. Kata ncha zote mbili, ziguse bila kupandana, uzifunge kwa utepe maalumu wa kuungia upande wa nyuma, ule usiopita kwenye hedi. Selotepu hapana: gundi yake huyeyuka kwa joto letu na kuganda kwenye hedi. Mwendo wa SP, yaani wa kawaida, ni milimita 23.39 kwa sekunde, kwa hiyo ukipoteza sentimita mbili umepoteza chini ya sekunde moja ya Scooby. Usilie.

Deki

Deki mpya hazitengenezwi. Kampuni ya mwisho, Funai ya Japani, ilisimamisha mwaka 2016. Iliyopo nyumbani basi ni mali. Usiiwashe kabla ya kuifungua. Ichomoe umeme, ngoja siku nzima, toa kifuniko cha juu, na usiguse kabisa pembe yenye ugavi wa umeme kwani kapasita zake zinaweza kuwa na chaji bado. Toa vumbi kwa brashi laini. Huku kwetu utakuta na mayai ya mjusi, na pengine sisimizi waliohamia jumla.

Ile silinda inayong'aa, iliyolala kwa kuinama kidogo, ndiyo yenye hedi. Deki ya PAL, mfumo wa TV tuliotumia Kenya, huizungusha mara 1,500 kwa dakika, na hedi zimetokeza kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Chukua karatasi nene nyeupe isiyo na nyuzi, au kipande cha ngozi laini ya kusafishia, ilowanishe kwa alkoholi, iegemeze kwenye silinda bila kusukuma, na uizungushe silinda yenyewe kwa mkono mwingine ukiishika kwa juu. Karatasi haisogei, kinachozunguka ni silinda. Kamwe usipapase kwenda juu na chini, hedi zitavunjika. Vijiti vya pamba vya masikio visiguse silinda, nyuzi zake hunasa. Vitumie kwenye hedi ya sauti iliyosimama pembeni, kwenye ule mhimili wa chuma unaovuta utepe, na kwenye kirola cha mpira kinachoukandamiza.

Kirola hicho kikague. Kikiwa kigumu na kinang'aa, utepe utateleza au kupanda juu, na hapo ndipo deki "inatafuna" kanda. Mkanda wa mpira ulio chini ya mitambo ukilegea, deki humeza kanda polepole, hushindwa kurudisha hadi mwanzo, au huitema kanda huku utepe ungali umening'inia ndani. Vyote viwili hubadilishwa, na fundi mzee wa redio na TV anavijua kuliko kijana wa simu.

Jaribu kwa kanda usiyoijali: cheza dakika kumi, rudisha, toa, uangalie utepe. Ukingo wa juu ukikunjamana, sauti itakatika, kwa sababu sauti ya kawaida hupita huko. Wa chini ukikunjamana, picha itapoteza mwendo, kwani ndiko iliko alama inayoiongoza deki. Ukiona mkunjo wowote, usitie kanda ya baba.

Kanda zilizo safi zipeleke mbele hadi mwisho na kuzirudisha mara moja kabla ya kucheza, utepe upate kulegea na kujipanga upya. Ikianza kupunguza mwendo au kulia, simamisha. Na kama chumba kina AC, deki na kanda zikae humo pamoja saa mbili tatu kabla ya kazi. Ukizitoa kwenye baridi kwenda jotoni, zifungwe kwenye mfuko hadi zipate joto, la sivyo umande hutanda kwenye silinda na utepe hugandia hapo.

Kuingiza kwenye kompyuta

Waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Deki nyingi za nyumbani ni za sauti moja, zina tundu jeupe tu; usihangaike, sauti moja utaisambaza pande zote mbili ndani ya programu. Matundu haya hushika kutu kwa hewa ya bahari, na picha inayorukaruka ukitikisa waya ni kutu, si kanda.

Unahitaji kifaa cha USB cha kunasa picha. Vile vya bei ya chini kabisa vyenye umbo la kidole hufanana kwa nje, lakini ndani chipu hutofautiana, na vingi hurekodi sauti ya kuunguruma na kuunguza weupe wa picha. Hauppauge USB-Live2 au I-O DATA GV-USB2 ni nafuu ya moyo. Vile visanduku vinavyogeuza njano kuwa HDMI viepuke: hukuza picha kwa pupa, huchanganya mistari, na mara nyingi hunyoosha picha ya 4:3 hadi Fred Flintstone anakuwa mpana kuliko gari lake.

Mpangilio unaokosewa zaidi ni mfumo wa rangi. Programu nyingi hufunguka zikiwa kwenye NTSC ya Marekani. Kenya tulitumia PAL, kwa hiyo chagua PAL_B. Ukiacha NTSC utapata picha nyeusi na nyeupe au inayoviringika. Ukubwa ni 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, sauti 48 kHz. Kwenye menyu ya deki zima ile skrini ya buluu inayojitokeza ishara ikidhoofika, kwani kila ikitokea hukata rekodi yako. Kompyuta izuie kulala, USB iingie moja kwa moja bila kigawanyio.

Kwa kanda zile mbili tatu za thamani zaidi, tumia programu ya VirtualDub na kodeki ya HuffYUV, njia ya kubana picha ambayo haipotezi kitu. Itakula gigabaiti kama 35 kwa saa. Zilizobaki, programu ya OBS Studio inatosha: turubai ya 768 kwa 576, megabiti 10 kwa sekunde, ambayo ni gigabaiti 4.5 kwa saa. Kanda zako zote zitaingia kwenye diski ya terabaiti moja na nafasi kubaki.

Kuhusu kuondoa mistari iliyoingiliana (kila picha ya TV ya zamani ni nusu mbili zilizopishana mstari kwa mstari), hapa katuni zina sheria yake, na wengi huziharibu. Kipindi cha studio hupigwa nusu-picha 50 kwa sekunde, kwa hiyo kinahitaji kuunganishwa kwa kichujio cha Yadif 2x. Katuni iliyotoka kwenye filamu na kurushwa kwa PAL haina haja: nusu mbili za kila picha ni mchoro uleule mmoja. Simamisha mahali Tom anapokimbia. Usipoona meno ya kitana kwenye kingo zake, acha kama ilivyo, maana kuunganisha kutakulia michoro midogo bure. Ukiona vivuli viwili vya Tom vimepishana, kanda hiyo ilitokana na nakala ya NTSC iliyogeuzwa kabla ya kurushwa, na hilo halitibiki nyumbani. Kwa kuwa kanda yako ina katuni na matangazo kwa pamoja, nakala ya kuhifadhi iache na mistari yake. Nakala ya familia ndiyo uiunganishe.

Sauti ikianza kuachana na midomo kadiri saa zinavyokwenda, kifaa kinadondosha picha. Picha 25 zikidondoka, sauti imeteleza sekunde moja. Chanzo karibu kila mara ni zile sehemu za chenga baina ya rekodi mbili, au picha inayopinda juu ya skrini. Dawa ni kupitisha ishara kwenye rekoda ya DVD ya Panasonic, DMR-ES10 au ES15, katikati ya deki na kifaa cha USB. Hairekodi kitu, inanyoosha tu ishara. Usipoipata, anza faili jipya baada ya kila sehemu ya chenga. Ule ukanda unaotetemeka chini kabisa ya picha ni wa kawaida, TV za zamani ziliuficha nyuma ya fremu. Ufunike kwa weusi, usiukate.

Flashi za familia: zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32 zinakataa faili lililozidi gigabaiti 4, hata kama nafasi ipo. Toa MP4 ya megabiti 4 kwa sekunde, uigawe kila saa mbili, itaingia na TV itaisoma.

Masikio yako

Masikio yako ni mazima. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. TV ya PAL huhitaji 25, na njia rahisi iliyotumika ilikuwa kuiendesha filamu kasi kidogo. Kila kitu kikawa kifupi kwa asilimia 4, na sauti zikapanda juu kwa zaidi kidogo ya theluthi mbili ya nusu-tuni. Tom and Jerry ya dakika 7 ilikwisha sekunde kama 17 mapema. Mtandaoni wanakupa 24 ya asili, na wewe uliyeikariri ile ya 25 unasikia sauti nzito na mwendo wa kivivu. Pima kwa saa ya simu, kutoka jina la katuni hadi neno la mwisho, kanda na mtandao. Ukikuta hakuna tofauti, yako ilikuwa ya NTSC iliyogeuzwa, ile ya vivuli.

Ukitaka kuisikia ilivyokuwa, faili la mtandaoni ulilolihifadhi lifungue kwa programu ya VLC kwa kasi ya 1.04, na kwenye mipangilio ya sauti uzime kile kinacholinda urefu wa sauti kasi ikibadilika. Bila kuzima hicho, mwendo utaongezeka lakini sauti haitapanda.

Kuna na sababu nyingine kwa Tom and Jerry. Yule mtumishi wa nyumba ambaye huonekana miguu tu, sauti yake ya asili ni ya Lillian Randolph. Baadaye ilibadilishwa kwenye matoleo ya TV: June Foray katika yaliyochorwa upya miaka ya 1960, kisha Thea Vidale kwa kampuni ya Ted Turner, iliyokuja kuzimiliki katuni hizo. Kanda yako inaweza kuwa na mmoja na mtandao ukawa na mwingine.

Kujua kanda ni ya mwaka gani

Mwaka wa katuni hautakusaidia, kwa kuwa Cartoon Network, chaneli ya katuni ya kwenye dishi, ilizaliwa na rafu zilizojaa tayari. Ted Turner alinunua maktaba ya MGM mwaka 1986 na studio ya Hanna-Barbera mwaka 1991, akafungua Cartoon Network tarehe 1 Oktoba 1992. Katuni 114 za Tom na Jerry za mwanzo zilitengenezwa kati ya 1940 na 1958, Flintstones zilianza 1960, Scooby-Doo 1969. Kurudia hakukuwa na gharama mpya, na kila baada ya miaka michache kuna watoto wapya ambao hawajaona. Walichorusha mlipokuwa skuli kilikuwa kikongwe kuliko ninyi.

Angalia basi kilicho pembeni. Nembo ya visanduku 14 vyeusi na vyeupe, herufi moja kila kisanduku, ni ya kabla ya chaneli kubadilisha sura, jambo lililoanza Marekani mwaka 2004. Dexter's Laboratory ikitangazwa, ni 1996 au baadaye. Powerpuff Girls, 1998 au baadaye. Katuni zikikoma jioni na filamu kongwe za Hollywood zikaanza, hiyo ni enzi ya 1990 na kitu ambapo chaneli hiyo nje ya Marekani iligawana masafa na TNT, chaneli ya filamu. Kwenye kanda za stesheni za hapa, matangazo ya simu ndiyo kalenda nzuri kuliko zote: Kencell iliingia 2000, ikawa Celtel 2004, ikawa Zain 2008. Tangazo la Kencell likiwa katikati ya Popeye, umepata miaka minne ya kuchagulia.

Andika hayo kwenye jina la faili, mfano K07_2001_SP, pamoja na dakika ambapo tangazo au sauti ya mtu wa nyumbani inatokea. Ndugu zako wasambaziane nyumbani kadiri wapendavyo. Kupandisha katuni nzima mtandaoni ni jambo lingine: zina wenyewe, na mitandao mikubwa huzitambua ndani ya dakika.

Nakala ziwe mbili, kwenye diski mbili tofauti, moja ikae na ndugu anayeishi mbali na bahari. Kanda zenyewe usizitupe hata baada ya kuzihamisha. Huenda kesho ukapata deki bora. Zirudishe zote mwanzo, zisimame wima kama vitabu ndani ya sanduku la mfuniko pamoja na silika, juu ya kabati, mbali na spika na ukuta wa bafu, na silika ikaguliwe masika yakianza. Ukiamua kumpa fundi kazi yote, mpe kwanza kanda moja safi isiyo na uzito, na kabla ya kulipa amana fungua faili alilokurudishia: tafuta tangazo la kwanza, na uone kama ameliacha.